Jimbo Letu Tangu Enzi za Jembe na Nyumba



Katika vikao vyetu hapa Dar es Salaam kuna ajenda moja ambayo haijawahi kuandikwa, lakini haikosi kujadiliwa: nani alilifanyia nini jimbo letu. Wazee wanataja ya zamani, vijana wanataja ya juzi, na chai inapoa. Mwaka huu wa 2024 tunachagua serikali za vijiji, na mwakani ni uchaguzi mkuu. Kwa hiyo sisi tunaoshika vitabu vya umoja tumeona kwamba kabla ya kuomba mchango tuiweke historia hiyo mezani, mwaka kwa mwaka.

Tunazungumzia Singida Mashariki, ambayo hadi 2010 ilikuwa sehemu ya jimbo la Singida Kusini.

Babu zetu wengi hawakupiga kura katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa, na alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkulima wa uwele hakuwa na nafasi hapo. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikwenda kwa jirani zetu wa Mbulu, ambako Herman Sarwatt alishinda kama mgombea binafsi ingawa naye alikuwa mwana-TANU. Majimbo 58 hayakupiga kura kabisa, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja tu.

Mkoa wa Singida ulianzishwa 1963, na miaka miwili baadaye ukaja uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Huu ndio wazee wetu wanaousimulia kwa furaha. Wagombea wawili, wote wa TANU, walipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Chama kilikuwa kimoja, lakini mbunge aliyesahau kwao aliweza kung'olewa. Mwaka ule hata mawaziri waling'olewa. Utaratibu huo ulidumu hadi uchaguzi wa 1990.

Vyama vingi vilirudishwa kwa sheria ya 1992. Mwaka 1995 Tundu Lissu, kijana wa miaka 27 kutoka Mahambe, aligombea Singida Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akashindwa. Jimbo likabaki mikononi mwa CCM, na Mohamed Missanga ndiye aliyekuwa mbunge wake wa mwisho, kwa sababu 2010 liligawanywa kuwa Singida Mashariki na Singida Magharibi. Missanga akaenda kugombea Magharibi na akashinda. Mashariki akashinda Lissu, safari hii kwa tiketi ya CHADEMA. Matokeo yakapingwa mahakamani, na Aprili 2012 Mahakama Kuu ikaitupa kesi. Wilaya ya Ikungi nayo ikazaliwa, ikiyabeba majimbo yote mawili. Mwaka 2015 Lissu akachaguliwa tena.

Hapa lazima tuseme ukweli wetu wenyewe. Mwaka huo wa 2015 boma la bweni la wasichana tulilokuwa tunajenga lilikuwa limefika usawa wa lenta. Bado kupaua tu. Ndipo kikao kimoja kikageuka mkutano wa kampeni. Upande mmoja ulisema bweni likikamilika kabla ya Oktoba, mbunge atalitangaza kuwa lake. Upande wa pili ukasema serikali italitangaza kuwa la kwake. Watu waliacha kuchanga, wengine wakajitoa kwenye kundi la simu. Mvua mbili zilinyesha juu ya boma lile, na tofali za juu zilimomonyoka. Daftari la mwaka ule tunalo. Hakuna aliyetunyang'anya hata shilingi moja, tulijinyima wenyewe.

Kisha ikaja Septemba 7, 2017. Lissu alipigwa risasi nyumbani kwake Dodoma, wakati wa kikao cha Bunge. Alipelekwa Nairobi, na Januari 2018 akahamishiwa Ubelgiji kwa matibabu zaidi. Juni 28, 2019, Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi, akitaja kutohudhuria vikao bila taarifa na kutojaza tamko la mali. Julai Tume ya Uchaguzi ikaitisha uchaguzi mdogo, na Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi, akapita bila kupingwa. Aliapishwa Septemba 3, 2019, na akachaguliwa tena Oktoba 2020, mwaka ambao Lissu alikuwa mgombea urais.

Kila mwanachama ana maoni yake kuhusu mambo haya, na hatuandiki hapa kumbadilisha yeyote. Sisi tuna kalamu ya hesabu, basi tuhesabu. Tangu siku ya risasi hadi siku ya kiapo ni miaka miwili kasoro siku nne. Muda wote huo Bungeni hapakuwa na mtu aliyeketi kwa niaba ya Singida Mashariki. Na kwa kuwa Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ya 2009 inamfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo, pengo hilo halikuishia Bungeni. Tena, kuanzia Oktoba 2015 hadi Oktoba 2020 jimbo lilipata wabunge wawili, lakini wananchi walipanga foleni ya kuchagua mbunge mara moja tu. Kama majimbo yale 58 ya 1960, mwaka 2019 hakuna aliyetumbukiza karatasi.

Jirani zetu wa Singida Kaskazini walipata la kwao. Lazaro Nyalandu alijiuzulu ubunge na kuihama CCM Oktoba 2017, na Januari 13, 2018, jimbo likapiga kura tena. Akashinda Justin Monko wa CCM.

Kiti cha ubunge, basi, kinaweza kugawanywa, kushtakiwa, kuwa wazi, au kujazwa bila kura. Kura yetu ni haki yetu na tuipige. Lakini binti anayetembea alfajiri kutoka kijijini hadi sekondari ya kata hakusimama kusubiri miaka ile miwili. Aliendelea kutembea, na wengine waliacha shule.

Bweni tulilipaua mwishowe, miaka mitatu baadaye, kwa gharama kubwa kuliko ile tuliyokuwa tumepanga. Sasa tunaomba mchango kwa bweni la pili. Msingi umechimbwa, na wanakijiji wamesomba mawe na mchanga kwa nguvu zao. Kinachohitajika ni saruji, nondo, mabati na mbao. Makadirio yote yameambatanishwa, na taarifa ya fedha itasomwa mbele ya mkutano mkuu kama kawaida.

Daftari la michango lina safu nne: tarehe, jina, kiasi na namba ya stakabadhi. Safu ya chama cha siasa haimo. Tunaomba mwaka huu na mwakani tusiiongeze, hata kwa mdomo. Wale wagombea wa jembe na nyumba walishindana wakiwa jukwaa moja, na jioni walirudi kijijini kwa njia moja. Sisi tunaweza kupiga kura tofauti Oktoba 2025, na kabla ya mvua za mwaka ule boma hili liwe limeezekwa.