Kitofali cha Seremala

Huku kwetu Lushoto mzee akikaa barazani kucheza bao, hakuna anayemcheka. Lakini mtu mzima akionekana anapanga vitofali vya plastiki, huulizwa kama amerudia utoto. Kwa nini?

Vitofali hivyo asili yake ni kwa seremala. Mwaka 1932, kazi zilipoadimika kwa mdororo wa uchumi duniani, Ole Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, fundi wa kujenga nyumba, aliamua kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao. Jina LEGO lilikuja 1934, kutokana na maneno ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Hataza ya kitofali tunachokijua iliombwa na mwanawe, Godtfred, tarehe 28 Januari 1958, na cha mwaka ule bado hushikamana na cha leo. Vitofali sita tu vya rangi moja, vyenye vinundu vinane kila kimoja, huungana kwa njia zaidi ya milioni 915! Huo si mchezo wa kitoto.

Bei yake ni kali, hilo sibishi. Lakini mabaki ya mbao yamejaa kwenye karakana zetu za Usambara. Mimi najenga barabara ya Mombo hadi Soni, na kona zake zote. Jirani aliyekuja kucheka juzi ameniletea daraja.