Nakala Mbili Si Kitabu Kimoja

Wiki jana nilikuwa naandika kijiprogramu cha kuorodhesha tamthilia zangu za zamani. Nikakiagiza kifute vitabu vinavyojirudia. Shakespeare, mfasiri Julius Nyerere: kikaona viwili, kikafuta rekodi moja. Lo! Ilikuwa ya tafsiri ya 1963. Iliyobaki, "Juliasi Kaizari" ya 1969, ni ile aliyoisahihisha Nyerere mwenyewe.

Hapo nikamkumbuka Mmarekani Charlton Hinman. Mwaka 1623, tamthilia 36 za Shakespeare zilichapwa pamoja jijini London. Wachapaji walisahihisha makosa huku kazi ikiendelea, na kurasa zenye makosa hazikutupwa. Ndiyo maana nakala za kitabu hicho hazilingani.

Tajiri Henry Folger alinunua nakala 82, zilizoko leo katika maktaba yake Washington. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Hinman aliunda mashine ya vioo na taa iliyoonyesha kurasa mbili kana kwamba zimelaliana. Penye tofauti, herufi zilichezacheza. Alilinganisha nakala 55, akachapisha matokeo mwaka 1963. Mwaka 1968 akatoa toleo la picha lenye kurasa bora kutoka nakala mbalimbali: kitabu ambacho mwaka 1623 hakikuwepo hivyo.

Folger angeridhika na nakala moja, Hinman angelinganisha nini?

Rekodi nimeirudisha. Sasa kila nakala ina namba yake, mwaka wake na masahihisho yake. Nawe, kabla hujatupa kile "cha pili", hebu kifungue kwanza.