Nyumba za Miaka Kumi: Makazi ya Kiwandani ya Uingereza Baada ya Vita

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado haijaisha, Uingereza ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa makazi uliotokana si na mabomu ya Wajerumani peke yake, bali pia na kusimama kwa ujenzi wa nyumba tangu vita ilipoanza, kwa kuwa mafundi walikuwa jeshini na matofali na mbao zilikuwa adimu. Mwezi Machi mwaka huo Waziri Mkuu Winston Churchill alitangaza redioni mpango wa nyumba za muda, na sheria iliyopitishwa baadaye ikatenga pauni milioni 150 kwa kazi hiyo. Nyumba hizo, zilizokuja kujulikana kama prifabu, zilitengenezwa kiwandani kwa vipande vyenye vipimo sawa, ambavyo vilipelekwa kwenye viwanja vya halmashauri na kuunganishwa hapo.

Sampuli ya kwanza, iliyopewa jina la Lord Portal, waziri aliyesimamia ujenzi, ilioneshwa katika jumba la sanaa la Tate jijini London, lakini kwa sababu ilihitaji mabamba mengi ya chuma wakati chuma kilikuwa haba, haikuundwa kwa wingi. Mahali pake palichukuliwa na aina nyingine kadhaa, zikiwemo Arcon, Uni-Seco na Tarran, na iliyostaajabisha kuliko zote ilikuwa AIROH, nyumba ya alumini iliyoundwa katika viwanda vya ndege ambavyo mwisho wa vita ungeviacha bila kazi. Nyumba hiyo ilitoka kiwandani ikiwa katika sehemu nne, mabomba na nyaya za umeme vikiwa tayari ndani yake, na kila sehemu ikabebwa na lori lake. Zaidi ya nyumba 54,000 za aina hiyo zilijengwa.

Hata hivyo, sifa ya prifabu haikuwa katika kuta zake bali katika yaliyokuwemo ndani. Jiko na bafu viliwekwa mgongo kwa mgongo, vikitenganishwa na ukuta mmoja uliobeba mabomba yote, na tanuri dogo nyuma ya meko ya sebuleni lilipasha maji ya moto. Familia ya mfanyakazi, ambayo pengine ilikuwa imezoea choo cha nje na beseni la kuogea mbele ya moto, ilipata choo cha ndani, makabati ya ukutani, jokofu na bustani yake yenyewe, vyote katika nyumba yenye vyumba viwili vya kulala na eneo la takriban mita za mraba 59. Waliobuni nyumba hizi wanastahili heshima kwa kukataa kuamini kwamba nyumba ndogo ya dharura lazima iwe duni.

Upungufu haukukosekana. Churchill alikuwa ametaja nyumba nusu milioni, lakini hadi mpango ulipokoma mwaka 1949 zilikuwa zimejengwa 156,623 tu. AIROH iligharimu zaidi ya nyumba ya kawaida ya matofali, na aina kadhaa zilitumia mabamba ya saruji iliyochanganywa na asbestosi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu.

Nyumba hizo zilikusudiwa kudumu miaka kumi, au kumi na mitano kwa makadirio ya juu, lakini nyingi zilikaliwa kwa miongo kadhaa. Huko Birmingham, nyumba 16 za aina ya Phoenix ziliwekwa chini ya ulinzi wa kihistoria mwaka 1998. Katika mtaa wa Excalibur, kusini mwa London, ambako wafungwa wa vita walishiriki kujenga nyumba 187 za Uni-Seco, ni sita tu zilizopewa ulinzi huo mwaka 2009; mwaka uliofuata wakazi walipiga kura kuhusu kujengwa upya kwa mtaa wao, na ingawa waliokubali walikuwa wengi, wengine waliendelea kupinga kuziacha nyumba na bustani walizozitunza kwa miaka mingi.