Hisa kumi kuwa moja: yale yaliwapata wenye Citigroup



Wiki iliyopita mdogo wangu, anayesoma uchumi, alinionyesha kwenye telefone grafu ya Citigroup, banki kubwa ya New York. Akaniambia: "Yaya, angalia, mwaka 2006 hisa moja ilikuwa zaidi ya dola 500!" Nikamuambia hapana. Hakuna mutu hata mmoja aliyelipa bei ile. Mwisho wa 2006 hisa ya Citigroup ilikuwa dola 55 hivi. "Basi grafu inadanganya?" Haidanganyi, lakini inafunika kitu, na kitu kile njo nataka tuzungumuzie leo. Mimi ni mutu wa mashamba, si wa soko la hisa, lakini hesabu yake ni kuzidisha na kugawanya tu.

Tuanzie 2008. Citigroup ilikuwa imejaza ndani mikopo ya nyumba za Marekani ambayo wenye kukopa walishindwa kulipa. Mwaka ule serikali ya Marekani iliweka dola miliari 45 ndani ya banki ili isianguke. Mwezi wa tatu 2009 hisa ilishuka, kwa muda mfupi, mpaka chini ya dola 1. Ili ibaki hai, banki ilitoa hisa mpya, na mingi sana. Kabla ya matatizo ilikuwa na hisa karibu miliari 5; mwanzoni mwa 2011 zilikuwa karibu miliari 29. Serikali yenyewe ilibadilisha sehemu ya feza zake kuwa hisa kwa dola 3.25 kila moja, ikawa na karibu theluthi ya banki, kisha ikauza zote mpaka mwisho wa 2010 na faida juu.

Hapa njo kidonda kiko. Wazeni shamba la watoto tano. Mafuriko yanapita, mbegu zinaisha, wanaingia wengine ishirini na ine wenye kuleta mbegu. Shamba limeokoka, siwezi kukataa. Lakini kipande chako, wewe mtoto wa kwanza, kimekuwa kama ukanda wa kupitisha mbuzi.

Kisha ikaja tarehe 6 mwezi wa tano 2011. Jioni ile, baada ya soko kufunga, kila hisa kumi zikaunganishwa kuwa moja. Siku ya ijumaa bei ilikuwa dola 4.52, siku ya kazi iliyofuata, tarehe 9, ikaanza karibu na dola 45. Hisa miliari 29 zikawa miliari 2.9. Hakuna aliyetajirika wala aliyeibiwa usiku ule: ukimwaga mabeseni kumi ya muhogo katika gunia moja, kilo ni zile zile.

Sasa kwa nini kujisumbua? Sababu bei ndogo inanuka ugonjwa. Mifuko mikubwa ya uwekezaji mara mingi haipendi, au hairuhusiwi, kununua hisa ya chini ya dola 5. Na soko la New York linaweza kuondoa kampuni ambayo bei yake, kwa wastani wa siku 30 za soko, iko chini ya dola 1. Citigroup haikuwa tena katika hatari ile, ilikuwa inatafuta sura ya heshima.

Tumuangalie mutu aliyenunua hisa 100 mwisho wa 2006 na kuzishika. Alilipa dola 5,500 hivi. Baada ya kuunganisha ana hisa 10, zote pamoja dola 450 hivi. Mwaka 2007 gawio lilikuwa senti 54 kila miezi tatu kwa hisa: dola 216 kwa mwaka. Mwaka 2011 banki ilirudisha gawio la senti 1, ikabaki pale mpaka 2015. Hisa 10 mara senti 4: senti 40 kwa mwaka! Ili arudishe dola zake 5,500, kila hisa mpya lazima ifike dola 550, na mpaka leo haijafika. Mwenye hisa 7 tu hakupata hata moja kamili. Alipewa makuta ya kipande chake, kwa bei ya chini ile, akatoka mlangoni.

Grafu njo inafanya nini? Inazidisha bei zote za zamani mara kumi ili mstari usiruke. Ni hesabu halali. Lakini haionyeshi kwamba hisa ziliongezeka karibu mara sita, na ule njo wizi wa polepole, kama tutauita wizi.

Sisi Wakongomani hatupaswi kushangaa. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa dola 2 za Marekani. Mwezi wa kumi 1993, zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya moja. Kasaï ikaikataa, ikaendelea na noti za zamani. Mwezi wa sita 1998, zaire mpya 100,000 zikawa franga moja. Zidisheni wenyewe: zaire za zamani miliari 300 kwa franga moja. Kufuta ziro hakukumfanya mutu masikini. Mashine ya noti ilikuwa imekwisha kufanya kazi ile.

Iko pia mfano unaonipinga kidogo. General Electric iliunganisha hisa nane kuwa moja mwisho wa mwezi wa saba 2021: dola 13 hivi zikawa zaidi ya 100. Mwenye 100 alipata 12, na nusu akalipwa feza. Wengi walicheka. Lakini kampuni ililipa madeni, ikajigawanya katika makampuni tatu kati ya 2023 na 2024, na aliyeshika alifurahi. Tofauti? GE haikuwa imemwaga hisa mpya namna ya Citigroup, na baada ya kuunganisha haikuanza kumwaga.

Mdogo wangu sasa anatafuta idadi ya hisa za kila kampuni anayoipenda, mwaka kwa mwaka. Jana amefika ya nane, umeme ukakatika.