Nyari, Wala Si Jiko

Kijitabu cha watalii kilichonifikia majuzi kinaliita bonde la Marafa "Jiko la Jehanamu". Kamati iliyopitisha jina hilo ilichukua msemo wa Waingereza ikaugeuza neno kwa neno, kana kwamba Magarini nzima hakuna mtu aliyewahi kupaita mahali pale kwa jina lake. Nimeudhika, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mwingereza akitaja jiko la jehanamu, muradi wake ni mahali pa joto kali au pa shari. Mtaa mmoja wa Manhattan, New York, ulipata jina hilo katika karne ya 19, enzi za magenge. Kwetu jiko ni mafiga, makaa na upawa, na kijana akipata jiko ameoa. Jehanamu nayo tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni Kiebrania: Ge-Hinomu, bonde la Hinomu, nje ya kuta za Yerusalemu. Kumbe neno lenyewe lilianza likiwa jina la bonde! Hoja hiyo ingewafaa wapinzani wangu, wala sijamsikia hata mmoja akiitaja. Lakini haiwaokoi, kwani bonde lilikwisha kusahauliwa, ukabaki moto.

Marafa hakuna moto. Wagiriama hupaita Nyari, yaani mahali palipovunjika penyewe. Husimulia juu ya matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi hata wakaoga maziwa. Mungu akaghadhibika, ardhi ikadidimia nao. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Tazama ukingoni baada ya mvua: mchanga umechongwa, nguzo zimeachwa zimesimama, donge linamomonyoka bila kuguswa na mtu. Jina limeeleza kazi ya maji na upepo.

Wako wanaong'ang'ania "korongo". Ni neno zuri, hata Olduvai limeingia katika jina la mahali Mary Leakey alipofukua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Ila korongo ni njia ya maji. Ardhi iliyomeguka kwa upana ikaacha nguzo yastahiki neno lake, nami nashikilia nyari. Matumizi ni mepesi: nyari hii, nyari hizi, mmomonyoko wa kinyari. Na wanaodai kwamba neno la Kigiriama ni la kienyeji mno kuwa istilahi, watueleze "ngeli" waliitoa wapi kama si Kihaya, na "kitivo" kama si Kipare.