Amani: Msitu ulioshinda mipango ya kuufyeka

Mkulima anayeng'oa muhogo nje kidogo ya jiji la Ibadan, Nigeria, hana habari na Muheza, Tanzania, wala hana sababu ya kuwa nayo. Lakini kama muhogo wake ni wa zile mbegu zinazostahimili ugonjwa wa batobato, basi huenda ukoo wake unafika Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kwenye vitalu vilivyokuwa vimezungukwa na msitu ambao leo unaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Hifadhi hiyo ya hekta 8,380 ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania.

Mgeni anayepanda kutoka Muheza, akapita Kisiwani na kuanza kona za kuelekea juu, huona miti imefunga njia pande zote, akadhani ameingia mahali pasipoguswa na mkono wa mtu. Amani imeguswa sana. Ndani ya miaka 130 imekuwa shamba la kahawa, bustani ya majaribio, karakana ya kwinini wakati wa vita, makao ya watafiti wa malaria, chimbuko la magogo na kivuli cha kukuzia iliki. Kila waliokuja walikuja na hesabu yao ya faida. Msitu uliosalia umesalia kwa sababu nyingi ya hesabu hizo ziligoma.

Msitu wa kale

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Ni milima ya zamani mno, iliyokuwepo mamilioni ya miaka kabla volkano hazijaiinua Kilimanjaro. Amani iko karibu na Bahari ya Hindi, hivyo mawingu ya baharini hugonga miteremko yake na kuacha mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Bara lilipopitia vipindi virefu vya ukame, na misitu iliyounganisha pwani na Kongo ikakatika, unyevu huo uliendelea kuilisha milima hii. Viumbe waliobaki juu walijikuta kama wako kisiwani, wakaanza kubadilika kivyao.

Mfano mzuri ni chura mdogo wa jenasi ya Nectophrynoides. Chura wa kawaida hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Huyu hazihitaji hatua hizo za nje: mayai huangulika tumboni mwa mama, watoto hukulia humo, na wanazaliwa wakiwa vyura kamili. Hahitaji dimbwi, ndiyo maana anaweza kuishi kwenye majani ya miteremko mikali. Usiku dume hupanda juu ya jani na kutoa mlio mkavu, kama kijiko kinachogonga glasi.

Kuna pia chozi wa Amani na bundi wa Usambara, ndege ambao wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Kwenye miti kuna mtambara, mrefu na mnyoofu, ambao wenye viwanda vya mbao waliutamani kuliko yote, na kuna msambu, ambao mbegu zake kubwa hukamuliwa mafuta.

Kahawa iliyodanganya

Wasambaa waliijua milima hii kama wakulima wa migomba na mahindi, na waliacha vipande vya msitu kwa matambiko na makaburi ya wakubwa. Wajerumani walipoingia mwishoni mwa karne ya 19 waliangalia ukubwa wa miti wakakata shauri kwamba udongo unaobeba miti ya namna ile lazima uwe na rutuba. Mwaka 1891 kahawa ilianza kupandwa Derema, na mashamba mengine yakafuata.

Miaka ya mwanzo mibuni ilistawi, kisha ikadhoofika. Udongo wa Usambara Mashariki ni mwekundu, wenye tindikali, na umeoshwa na mvua kwa muda mrefu. Rutuba yake iko kwenye tabaka jembamba la majani yanayooza juu ya ardhi, na mizizi ya miti huinyonya kabla haijazama. Ukikata msitu, umeondoa mbolea pamoja na mtengenezaji wake. Kahawa ilikufa taratibu. Zao lililokubali tindikali hiyo ni chai, iliyokuja kushika vilima wakati wa Waingereza na ambayo mpaka leo inapakana na hifadhi.

Wakati kahawa ikihangaika, mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta milimani maua madogo ya zambarau. Yalipofika Ujerumani, mtaalamu wa bustani za kifalme za Hannover, Hermann Wendland, aliyaeleza kisayansi mwaka 1893 na kuyapa jina la Saintpaulia. Leo maua hayo yanakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na biashara yake ni kubwa. Kwao yanaota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, na kivuli kikiondolewa hayadumu.

Bustani na maabara

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann. Mimea ya kila pembe ya dunia ililetwa kujaribiwa: mpira, kafuri, mianzi, viungo, na mkwinini ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Reli nyembamba ilijengwa kutoka Tengeni hadi Sigi kwa ajili ya kuteremsha mbao na bidhaa. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Sigi bado ipo, na sasa hupokea wageni wa hifadhi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, Amani iligeuzwa karakana. Kwinini ya askari wa kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, ilitoka kwenye magome ya huku, mpaka Waingereza walipouteka mlima mwaka 1916.

Waingereza waliifufua taasisi hiyo miaka ya 1920. Hapo ndipo mtafiti H. H. Storey alipochunguza maradhi ya muhogo, na mwaka 1936 akaeleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mpaka leo unawatia hasara wakulima wa pwani. Dhidi ya batobato, watafiti wa Amani walifanya jambo ambalo wengi wangelicheka: waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceará, kisha wakarudia kuchanganya kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata mimea inayovumilia ugonjwa na yenye mizizi ya kulika. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, IITA, kilichoko Ibadan, kikazitumia kuzalisha aina zilizosambaa Afrika.

Amani pia ilimpata mtafiti wa ndege, Reginald Moreau, aliyefika mwaka 1928. Hakusomea sayansi; kazi yake ya awali ilikuwa ukaguzi wa hesabu za jeshi. Alishughulikia ndege kwa nidhamu ileile: aliweka watu wakae mbele ya viota na kuandika kila mara mzazi alipoleta chakula. Hodari kati yao alikuwa Salimu Asmani, ambaye macho na subira yake vilizaa sehemu kubwa ya kilichochapishwa kwa jina la bosi wake. Mwaka 1931 ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, anayejificha kwenye mitambaazi, aliingizwa kwenye vitabu na kupewa jina la Moreau.

Baada ya Vita vya Pili utafiti wa kilimo ulihamia Kenya, na majengo yakachukuliwa na watafiti wa malaria. Taasisi yao ndiyo iliyokuja kuwa kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Bustani ile, hata hivyo, iliacha deni. Muhesi, mti wa kutoka magharibi ya Ziwa Victoria uliopandwa na Wajerumani, uliwapendeza hondohondo, wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu. Palipofyekwa msitu, muhesi ulijaa na kuzuia miti ya asili isirudi.

Misumeno, kisha iliki

Pigo kubwa lilikuja baada ya uhuru. Miaka ya 1970 na 1980 uvunaji wa magogo uliendeshwa kwa mashine, na kiwanda cha mbao cha Tanga kikiungwa mkono na fedha za Finland. Njia za matrekta zilikatwa ndani ya msitu, na muhesi ukaingia nyuma yake. Mwaka 1982 watafiti W. A. Rodgers na Katherine Homewood walikuwa wamechapisha utafiti ulioonyesha wingi wa viumbe wasiopatikana kwingine. Tathmini ya 1986 na 1987 ilithibitisha hatari, magogo yakasimamishwa, na Finland yenyewe ikageuka kufadhili uhifadhi.

Iliki ilikuwa kesi ngumu zaidi. Mkulima hakati miti mikubwa, anahitaji kivuli chake, bali husafisha chini ili iliki ikue. Miche ya miti haipati nafasi, na mti mzee ukianguka hauna mrithi. Lakini iliki ndiyo iliyolipa karo na kuezeka nyumba. Mwaka 2002 serikali ilipoamua kuhifadhi msitu wa Derema uwe njia ya kuunganisha vipande vya msitu, mazao ya wakulima zaidi ya 1,000 yalihesabiwa na wakazuiwa kuvuna. Sehemu kubwa ya fidia ilifika mwaka 2008, na mashamba mbadala waliyoahidiwa yalikuwa mbali, kwenye shamba la zamani la mkonge la Kibaranga. Wengine walianza kufuga vipepeo kwa ajili ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, biashara ambayo ilileta fedha mpaka mwaka 2016, Serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje.

Hesabu ya maji

Kilichoupa msitu nguvu ya kisiasa ni Mto Zigi. Unaanzia kwenye miteremko hii, unajaza bwawa la Mabayani na kuinywesha Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, kwa hiyo sasa kuna wawekezaji ambao mapato yao yanategemea chanzo cha mto huo.

Hesabu hii ni bora kuliko za kahawa na magogo, kwa kuwa faida yake inakuja tu msitu ukiwa umesimama. Ila ina kasoro iliyorithiwa: mkazi wa Tanga analipa bili kwa mwezi, na mwenye hatifungani anapokea riba, wakati mkulima wa kijiji cha Kwezitu aliyeacha iliki hana mstari wake kwenye daftari. Mipango ya zamani iliposhindwa, msitu ulipata nafuu. Huu wa sasa tunataka ufaulu, na hautafaulu bila watu wanaoishi mpakani mwa msitu kupata sehemu yao ya thamani ya maji hayo.