Ndui na Uwezo wa Mwanadamu

Mara nyingi twaulizwa na wazee wa vijiji vyetu, na hata na watoto darasani, kama wataalamu wa siku hizi hawajajitwalia kazi ya Muumba. Wamesikia ya kwamba mtu aweza kutiwa moyo wa mtu mwingine, tena mimba yaweza kuanzishwa katika chombo cha kioo. Swali hili si la kuchekwa, wala si jipya. Sisi twaona ni heri kulipima kwa habari za ugonjwa mmoja tu, yaani ndui.

Mwaka wa 1721 ndui iliingia mji wa Boston, katika Marekani. Palikuwa huko mtumwa, mtu mweusi, aliyeitwa Onesimus, na bwana wake alikuwa mhubiri, jina lake Cotton Mather. Onesimus alikuwa amemweleza bwana wake ya kuwa kwao Afrika mtu huchanjwa ngozi, akatiwa usaha kidogo wa mwenye ndui, naye huugua kidogo, kisha hapatwi tena. Mather akaamini, akawasihi waganga wa mji, lakini aliyekubali ni mmoja tu, Zabdiel Boylston. Huyu alichanja watu zaidi ya 240, wakafa 6. Na mwaka ule ndui iliua watu zaidi ya 800 mjini. Hata hivyo watu walikasirika sana, na usiku mmoja kombora likatupwa nyumbani mwa Mather, ila halikupasuka.

Mwaka uliofuata, huko London, kasisi Edmund Massey alihubiri juu ya majipu ya Ayubu. Alisema ya kwamba magonjwa huletwa na Mungu, ama kutujaribu ama kutuadhibu. Basi ayazuiaye kwa chanjo amejitwalia mamlaka yasiyo yake. Hatuwezi kumdharau kasisi yule, maana maneno yake ndiyo yale yale tuyasikiayo barazani. Walakini twaona alikosa. Mkulima apaliliaye shamba hashindani na yeye aliyeyaotesha magugu.

Tarehe 14 Mei 1796, katika kijiji cha Berkeley, Uingereza, mganga Edward Jenner alitoa usaha katika mkono wa Sarah Nelmes, mkamuaji maziwa aliyeambukizwa ndui ya ng'ombe, akamchanja nao mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baada ya wiki chache akamtia ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. (Leo mganga afanyaye hivyo kwa mtoto wa watu angepelekwa mahakamani, na kwa haki.) Jenner hakuumba kitu. Wakamuaji walikuwa wakisema zamani ya kuwa aliyepata ndui ya ng'ombe haogopi ndui ya watu. Yeye aliwasikiliza, akajaribu, akaandika.

Kazi ya kuimaliza ndui duniani ilitiwa nguvu mwaka wa 1967 na Shirika la Afya Duniani. Chombo chao kikubwa kilikuwa sindano ndogo yenye ncha mbili. Walimtafuta kila mgonjwa, nyumba kwa nyumba, wakamtenga, wakawachanja wote waliomzunguka, hata ugonjwa ukakosa pa kwenda. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa amepanda gari pamoja na wagonjwa wawili ili aonyeshe njia. Hakuwa amechanjwa, kwa kuwa aliogopa maumivu. Kwanza alidhaniwa ana malaria. Akapona. Mwaka wa 1980 ikatangazwa ya kuwa ndui imekwisha.

Imekwisha, lakini haikuteketezwa yote. Mwaka wa 1978 mwanamke mmoja alikufa kwa ndui huko Birmingham, mahali ilipokuwa imehifadhiwa kwa uchunguzi. Hata leo imefungiwa katika nyumba mbili, moja Marekani na moja Urusi. Tena mwaka wa 2018 wataalamu wa Kanada waliandika jinsi walivyoiunda upya ndui ya farasi, ndugu yake ndui ya watu, kwa kuunganisha vipande vilivyoagizwa kiwandani. Habari hii ndiyo ituogofyayo, kuliko mambo ya moyo na kioo. Lakini tuangalie vema: vipande vile havikupata uhai mpaka vilipotiwa ndani ya chembe hai, pamoja na virusi vingine vilivyo hai. Uhai uliazimwa kwa uhai uliokuwako. Uwezo wa kuua ndio ulioongezeka mikononi mwa watu, na kwa huo hatuhitaji kuwa miungu; Kaini alitosheka na shamba tu.

Na yule Maalin? Baadaye aliwaendea watu wa nchi yake akiwaeleza ujinga wake mwenyewe wa kuikimbia sindano, ili wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio. Alikuwa katika kazi hiyo mwaka wa 2013 alipokufa kwa malaria.